Bili ya stima ya kaunti: Pesa zinakwenda wapi, na zinaweza kuokolewa vipi

Taa ya barabarani inayowaka saa saba mchana haimsumbui mtu. Haipigi kelele, haivuji, wala haizibi njia. Lakini mita inahesabu, na mwisho wa mwezi bili inafika. Anayelipa bili hiyo si afisa wa kaunti wala kampuni ya umeme. Ni mkazi, kupitia ushuru wa soko, ada ya maegesho, leseni ya biashara, malipo ya hospitali na mgao wa fedha unaotoka kwa Serikali ya Kitaifa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali ya kaunti hospitali na zahanati, huduma za maji na usafi, taa za barabarani, masoko na vichinjio. Karibu kila moja ya huduma hizo inahitaji stima. Hospitali haiwezi kuzima umeme usiku. Pampu ya maji hufanya kazi hata siku ya sikukuu. Kwa sababu hiyo, kaunti yoyote nchini ni mtumiaji mkubwa wa kawi, sawa na kiwanda, na inatakiwa kusimamia matumizi yake jinsi kiwanda kinavyofanya.

Makala haya yanaeleza jinsi bili ya taasisi kubwa inavyohesabiwa, sheria inataka nini, pesa hupotelea wapi, na mkazi anaweza kuuliza nini wakati wa kutoa maoni kuhusu bajeti.

Kwa nini bili hii inakuhusu

Pesa za stima na pesa za dawa hutoka mfuko mmoja. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 ianze kutumika, hospitali za umma zinabaki na mapato zinayokusanya na kuyatumia kwa shughuli zao. Hospitali ikilipa Sh100,000 za stima iliyopotea bure, hizo ni Sh100,000 ambazo hazikununua glavu, dawa wala chakula cha wagonjwa. Ikiziokoa, zinabaki hapo hapo hospitalini.

Katika huduma za maji, gharama ya stima huingia katika bei ya maji. Kampuni ya maji inayolipa bili kubwa kuliko inavyopaswa italazimika kuomba bei ipandishwe, au itaacha kukarabati mifereji.

Halafu kuna hatari ya kukatiwa. Februari 2025, umeme ulikatwa katika ofisi za City Hall, Nairobi, wakati wa mvutano wa madeni kati ya kaunti hiyo na kampuni ya Kenya Power. Stima ikikatwa ofisini, karatasi husubiri. Ikikatwa kwenye kituo cha kusukuma maji, mifereji hukauka hata katika nyumba za watu waliolipa bili zao za maji bila kukosa.

Jinsi bili ya taasisi kubwa inavyohesabiwa

Mkazi anayenunua tokeni anajua jambo moja: uniti. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Taasisi kubwa nayo hulipia uniti, lakini bili yake ina mambo mengine ambayo mtu wa nyumbani hakutani nayo.

Mteja wa biashara anayetumia hadi uniti 15,000 kwa mwezi huwekwa katika kundi la biashara ndogo. Akipita hapo, huingia katika kundi la biashara kubwa na viwanda. Hospitali za Level 4 na Level 5, vituo vikubwa vya maji na makao makuu ya kaunti mara nyingi huwa katika kundi hilo. Humo kuna malipo ya aina nne ya kuangaliwa.

La kwanza ni uniti zenyewe.

La pili ni malipo ya kilele, yanayopimwa kwa kVA. Kampuni ya umeme haiangalii tu jumla ya stima iliyotumika, bali pia ni wakati gani taasisi ilivuta umeme mwingi zaidi kwa mpigo mmoja katika mwezi huo. Ni kama mwenye harusi anayekodi basi la watu 60. Atalipia ukubwa wa basi hata kama katika safari nyingi ni viti 20 tu vilivyokaliwa. Hospitali ikiwasha mashine za kufulia, mitambo ya kuua viini kwenye vifaa vya upasuaji na hita zote za maji saa mbili asubuhi, kilele hupanda, na mwezi mzima hulipiwa kwa kilele hicho.

Chukua mfano wa hospitali mbili zinazotumia uniti 20,000 kila moja kwa mwezi. Kilele cha moja ni kVA 100 na cha nyingine ni kVA 70. Tukisema kila kVA inatozwa Sh1,000, hospitali ya kwanza italipa Sh30,000 zaidi kila mwezi, yaani Sh360,000 kwa mwaka, ingawa haikutumia hata uniti moja zaidi ya mwenzake. Tofauti ni ratiba tu: nani anawasha nini, saa ngapi.

La tatu ni kile ambacho mafundi wa stima hukiita pawa fakta. Mota, pampu na taa za zamani huvuta umeme ambao sehemu yake haifanyi kazi yoyote, lakini bado unabeba mzigo kwenye nyaya na transfoma. Kipimo hicho kikishuka chini ya 0.9, mteja hutozwa faini. Dawa yake inajulikana. Ni kufunga kapasita zinazorekebisha kipimo, kazi ambayo fundi mwenye leseni anaweza kuifanya kwa muda mfupi. Ikiwa faini hiyo inaonekana kwenye bili mwezi baada ya mwezi, basi hakuna anayeisoma bili.

La nne ni tozo na ushuru: gharama ya mafuta yanayotumiwa na mitambo ya dizeli, mabadiliko ya thamani ya shilingi dhidi ya sarafu za kigeni, mfumuko wa bei, tozo ya kusambaza umeme mashambani, tozo ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Taasisi haina uwezo wa kubadilisha viwango hivi. Lakini nyingi kati ya tozo hizo huandamana na uniti, hivyo uniti zikipungua, nazo hupungua.

Kuna pia nafuu ambayo taasisi nyingi hazijaizingatia. Tangu Desemba 2017, wateja wakubwa wanaweza kupata bei ya chini kwa umeme wanaotumia saa ambazo watu wengi wamelala, kwa masharti yaliyowekwa. Siku za kazi, saa hizo ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kazi inayoweza kusubiri usiku, kama vile kujaza tangi kubwa la maji, inaweza kufanywa kwa bei nafuu.

Sheria inataka nini

Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka kaunti kutayarisha mpango wa kawi wa kaunti. Mpango huo hauhusu tu kupeleka stima vijijini. Unahusu pia jinsi kawi iliyopo inavyotumiwa.

Kabla ya sheria hiyo, Kanuni za Usimamizi wa Kawi za 2012 ziliweka msingi wa ukaguzi. Zililenga majengo na vituo vinavyotumia kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa miezi 12 unapata uniti 15,000 kwa mwezi, kiwango kile kile kinachomtoa mteja katika kundi la biashara ndogo. Kwa hivyo hospitali ya umma inayotozwa malipo ya kilele kila mwezi kuna uwezekano mkubwa iko katika kundi linalolengwa na kanuni hizo.

Kanuni hizo ziliagiza mambo manne ya msingi. Kituo kiwe na sera ya kawi. Kiwe na afisa anayesimamia kawi. Kifanyiwe ukaguzi wa kawi na mkaguzi mwenye leseni angalau mara moja kila miaka mitatu. Na baada ya ukaguzi, kitekeleze hatua zitakazoleta angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Ripoti ya ukaguzi iliyofungiwa kabatini haijaokoa hata shilingi moja.

Mkakati wa Kitaifa wa Matumizi Bora ya Kawi wa 2020 uliongeza lengo la nchi nzima: kupunguza kiasi cha kawi kinachotumika katika kuzalisha mali na huduma kwa asilimia 2.8 kila mwaka. Lengo hilo haliwezi kufikiwa na viwanda peke yake. Hospitali, shule, ofisi za umma na kampuni za maji zimo.

Anayetumia haoni bili

Katika taasisi kubwa, chanzo kikuu cha hasara mara nyingi si mashine mbovu. Ni mpangilio wa kazi. Anayetumia stima haoni bili, na anayelipa bili haoni matumizi.

Nyumbani, mama au baba akiona tokeni zinaisha kabla ya wiki, atauliza mara moja ni nani aliacha pasi ikiwaka. Katika taasisi, muuguzi, mpishi, fundi wa pampu na karani hawajui bili ni ngapi. Bili hupelekwa makao makuu, ambako mhasibu huangalia tarehe na jumla, kisha huandaa malipo. Hakuna aliyekosea, lakini hakuna pia aliyeuliza kwa nini mwezi huu uniti zimepanda kwa robo.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza haihitaji kununua chochote. Ni kuandika orodha ya mita zote. Baada ya ugatuzi kuanza mwaka wa 2013, kaunti zilirithi majengo na mita kutoka kwa mabaraza ya miji na wizara za serikali. Orodha ya mita inatakiwa kujibu maswali matano: mita iko wapi, inahudumia nini, iko katika kundi gani la bei, inatumia uniti ngapi kwa mwezi, na ni nani anayewajibika. Orodha kama hiyo inaweza kufichua mita ya jengo lililohamwa, mita inayomlisha mpangaji wa kibinafsi, au bili za makadirio zinazolipwa bila mtu kwenda kusoma mita.

Hatua ya pili ni kupeleka nakala ya bili kwa anayetumia. Msimamizi wa hospitali akipata kila mwezi karatasi moja inayoonyesha uniti, kilele na faini, na kulinganisha na mwezi uliopita, ataanza kuuliza maswali yale yale ambayo mwenye nyumba huuliza.

Hatua ya tatu ni kupima kwa kipimo kinachofaa. Jumla ya uniti pekee inaweza kupotosha, kwa sababu hospitali iliyopata wagonjwa wengi zaidi itatumia stima zaidi. Kipimo bora ni uniti kwa kila kitanda, au uniti kwa kila mita mchemraba ya maji iliyosukumwa. Kipimo hicho kikipanda bila sababu, kuna kitu kimeharibika. Mashirika yanayotaka utaratibu kamili wa kazi hii hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 50001, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2011.

Hospitali: kupunguza bila kuhatarisha

Katika hospitali kuna vifaa ambavyo haviguswi kwa sababu ya bili. Inkubeta ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mtambo wa oksijeni, chumba cha upasuaji na friji ya chanjo, inayotakiwa kubaki kati ya nyuzijoto 2 na 8, ni lazima vipate stima wakati wote. Akiba hutafutwa katika mambo yanayozunguka vifaa hivyo.

Taa ni mfano rahisi. Mrija wa taa wa zamani wa futi nne hutumia wati 36, mbali na zile zinazoliwa na kifaa chake cha kuwashia. Mrija wa LED wa urefu huo hutumia kama wati 18. Hospitali yenye mirija 200 katika vijia na wadi zinazowaka usiku na mchana, ikiokoa wati 20 kwa kila mrija, itapunguza zaidi ya uniti 35,000 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya Sh20 kwa uniti, hizo ni kama Sh700,000 kila mwaka.

Maji ya moto yanaweza kupashwa kwa jua badala ya hita za stima. Nguo zinaweza kufuliwa kwa zamu ili mashine zisigongane na mitambo ya kuua viini. Mpira wa mlango wa friji uliochakaa hubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini ukiachwa hufanya mashine ya friji izunguke bila kupumzika.

Jenereta nayo inahitaji hesabu yake. Lita moja ya dizeli hutoa uniti tatu hadi nne hivi. Lita ikiwa Sh175, kila uniti itagharimu kama Sh50 kabla ya kulipia oili na matengenezo. Jenereta ni ya dharura, na haina mbadala umeme unapopotea katikati ya upasuaji. Lakini ikiwa inawashwa mara kwa mara kwa sababu swichi kuu imechakaa au transfoma imezidiwa, ni rahisi zaidi kurekebisha kasoro hiyo kuliko kuendelea kununua dizeli.

Maji: kila lita iliyovuja ilishalipiwa stima

Kusukuma maji ni kazi nzito. Kuinua mita mchemraba moja ya maji, yaani lita 1,000, hadi urefu wa mita 100 kunahitaji angalau uniti 0.27 hata kama hakuna kinachopotea njiani. Pampu na mota vikiwa katika hali nzuri na kufikia ufanisi wa asilimia 60, kazi hiyo hula uniti 0.45. Pampu iliyochakaa na kushuka hadi asilimia 40 hula uniti 0.68 kwa kazi ile ile.

Tofauti inaonekana ndogo mpaka izidishwe. Kituo kinachosukuma mita mchemraba 1,000 kwa siku kwa pampu hiyo iliyochakaa hupoteza zaidi ya uniti 220 kila siku, au zaidi ya uniti 80,000 kwa mwaka. Pampu haijasimama, maji yanatoka, na hakuna mkazi aliyelalamika. Ni mita pekee inayojua.

Halafu kuna maji yanayopotea. Ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB) za miaka ya karibuni zimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayaingizi mapato, kwa sababu ya kuvuja, kuunganishiwa kinyume cha sheria na mita mbovu. Maji yanayovuja chini ya barabara yalishavutwa kutoka kisimani au mtoni, yakasafishwa, yakainuliwa hadi kwenye tangi. Stima yake imelipwa. Kwa hivyo fundi anayeziba bomba lililopasuka anaokoa maji na stima kwa pamoja.

Katika ununuzi wa pampu, bei ya dukani inaweza kudanganya. Mota inayotumia kilowati 15 ikifanya kazi saa 16 kwa siku hula uniti 87,600 kwa mwaka. Kwa Sh20 kwa uniti, hiyo ni zaidi ya Sh1.7 milioni kila mwaka, na itaendelea hivyo kwa miaka yote mota itakayokuwa kazini. Zabuni inayoangalia bei ya kununua pekee inaweza kuchagua mota ya bei rahisi itakayokula akiba yake yote mapema. Zabuni nzuri huuliza pia: mashine hii itagharimu kiasi gani kuiendesha kwa miaka kumi?

Taa za barabarani

Taa za barabarani huleta usalama na kuwaruhusu wafanyabiashara kuuza hadi usiku. Hakuna anayetaka zizimwe. Swali ni zinatumia stima kiasi gani kutoa mwanga ule ule.

Kenya iko katika ikweta, hivyo usiku una saa 12 hivi mwaka mzima. Taa ya zamani ya sodiamu ya wati 250 hula uniti 1,095 kwa mwaka. Taa ya LED ya wati 100, ikiwa imechaguliwa vizuri na kufungwa kwa urefu unaofaa, inaweza kuangaza barabara hiyo hiyo kwa uniti 438. Kwa taa 1,000, akiba ni uniti 657,000 kwa mwaka. Tukichukua Sh15 kwa uniti pamoja na tozo, hizo ni zaidi ya Sh9.8 milioni.

Lakini LED inayowaka mchana bado ni hasara. Kifaa kidogo kinachohisi mwanga, ambacho huwasha taa jua likitua na kuizima alfajiri, kikiharibika au kikifunikwa na vumbi, taa hubaki ikiwaka saa 24. Matumizi yake huongezeka maradufu. Hapa mkazi ana nafasi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndiye anayepita chini ya mlingoti huo kila siku.

Sola inasaidia, lakini isitangulie

Wakazi wengi huuliza kwa nini kaunti isiweke paneli za sola kila mahali. Sola ina faida kubwa, hasa katika hospitali na ofisi ambazo matumizi yao ni makubwa mchana, na katika zahanati zilizo mbali na nyaya za stima. Kituo cha maji kinaweza kusukuma kwa jua mchana na kuhifadhi katika tangi, bila hata kuhitaji betri nyingi.

Hata hivyo utaratibu ni muhimu. Hospitali inayohitaji kilowati 100 mchana ikirekebisha taa, friji na ratiba yake hadi kilowati 75, itahitaji mtambo wa sola mdogo kwa robo. Ikinunua sola kwanza, italipia paneli za kuendesha hasara. Aidha paneli zinahitaji kuoshwa, inveta hukaguliwa, na betri hubadilishwa zinapochoka. Mradi usio na fungu la matengenezo katika bajeti utakuwa mapambo ya paa baada ya miaka michache.

Mifano mizuri ipo nchini. Jengo la ofisi la Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 2011, lilisanifiwa liingize mwanga wa jua na upepo ili lisihitaji taa nyingi mchana wala viyoyozi vingi. Baada ya mahitaji kupunguzwa ndipo paa lake likawekwa paneli za kilowati 515. Chuo Kikuu cha Strathmore nacho kiliweka paneli za kilowati 600 kwenye mapaa yake mwaka wa 2014. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuomba makubaliano ya kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili.

Kwa ushauri na mafunzo, taasisi zinaweza pia kutumia uzoefu wa Kituo cha Matumizi Bora ya Kawi kilicho chini ya Chama cha Watengenezaji Bidhaa nchini (KAM), kilichoanzishwa mwaka wa 2006 kwa ushirikiano na Wizara ya Kawi.

Mkazi anaweza kufanya nini

Bajeti ya kaunti ina kalenda. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, Taarifa ya Mkakati wa Kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili mwaka mpya wa kifedha uanze Julai 1. Katika kila hatua umma una nafasi ya kutoa maoni.

Katika kitabu cha makadirio, gharama za stima hupatikana chini ya nambari 2210101, ndani ya fungu la huduma za umeme na maji. Mkazi anaweza kuangalia nambari hiyo katika idara ya afya, ya maji na nyinginezo, na kulinganisha na mwaka uliotangulia. Kisha aulize:

1. Ni vituo vingapi vya kaunti vinavyotumia zaidi ya uniti 15,000 kwa mwezi?
2. Vilifanyiwa ukaguzi wa kawi lini, na ni mapendekezo mangapi yametekelezwa?
3. Ni nani anayesimamia kawi katika kila hospitali na kituo cha maji?
4. Bili zinaonyesha faini ya pawa fakta? Kwa miezi mingapi?
5. Kaunti ina deni la stima kiasi gani, na limetengewa pesa katika bajeti?
6. Mradi wa sola unaopendekezwa una fungu la matengenezo?

Asiyepata jibu anaweza kuandika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Nje ya ukumbi wa mikutano, msaada wa mkazi ni wa kila siku. Ukiona taa ya barabarani inawaka mchana, piga ripoti katika ofisi ya wadi ukitaja barabara na nambari ya mlingoti, kama ipo. Ukiona maji yanabubujika barabarani, ijulishe kampuni ya maji siku hiyo hiyo. Usimruhusu mtu kuunganisha kibanda chake kwenye nyaya za taa za barabarani. Mbali na wizi, nyaya hizo huua.

Kwa maafisa wanaosimamia vituo, kazi inaanza na karatasi moja: bili ya mwezi uliopita. Ipelekwe kwa anayetumia stima, isomwe mstari kwa mstari, na kila mstari usioeleweka uulizwe. Wagonjwa hawataona tofauti ya taa wala ya joto la maji. Wataiona siku dawa waliyoandikiwa itakapopatikana katika duka la hospitali, badala ya kuambiwa wakainunue nje.